Umepoteza karatasi za nyumba uliyonunua mnada wa mahakama? Anza na jalada

Mama mdogo alinunua nyumba Pasua hapa Moshi kwenye mnada wa mahakama, karatasi zote akaziweka begi moja, siku ya kuhama begi likapotea, akalia sana akijua nyumba ndo imeenda. Haijaenda jamani. Mauzo yapo kwenye jalada la mahakama, yaani faili la kesi, kilichopotea ni karatasi zako wewe.

Kwanza polisi, uchukue losi ripoti. Taja kila karatasi kwa jina, cheti cha mauzo, risiti ya dalali, slipu za benki, usiandike "nyaraka" tu utarudishwa. Afu wakili akuandalie kiapo, useme zilipoteaje na kwamba hujaziweka rehani kwa mtu.

Sasa jalada, hapa ndo watu wanasota. Ujue kwanza nani aliamuru nyumba iuzwe, Mahakama Kuu, Hakimu Mkazi au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maana kila mmoja ana masijala yake, ofisi ya kutunza mafaili. Na namba utakayohitaji zaidi ni ya maombi ya kukazia hukumu, yaani yale ya kuomba hukumu itekelezwe, sio ya kesi ya mwanzo tu, sisi tulizunguka sana kwa kushika namba ya kesi peke yake. Kama huna, mtafute dalali aliyeuza, au tangazo la mnada, jina la mdaiwa, yule ambaye nyumba yake iliuzwa, nalo linasaidia. Andika barua ambatanisha losi ripoti na kiapo, omba nakala zilizothibitishwa za cheti cha mauzo, amri ya kuuza na taarifa ya dalali. Malipo ni kwa kontrol namba, usimpe mtu hela mkononi hata akikuambia atakuharakishia.

Slipu utazipata benki. Sheria inataka robo ya bei ilipwe pale pale mnadani na inayobaki ndani ya siku 15, kwa hiyo waambie watafute malipo mawili.

Hati miliki ikipotea nayo, hiyo ni njia nyingine kabisa, unaenda kwa Msajili wa Hati ofisi ya ardhi, inatangazwa Gazeti la Serikali, watu wanapewa mwezi mmoja kuweka pingamizi, asipotokea mtu unapewa mpya.

Na kama jina kwenye hati bado ni la mdaiwa, ukishapata hicho cheti cha mauzo usikifungie kabatini, kipeleke ardhi wiki hiyo hiyo uanze kuhamisha jina.