Namna ya kufuatilia sura ya kiongozi kupitia barua zake

Naishi Richmond, Virginia, na kazi yangu ni kutia picha fremu. Wateja huniletea chapa za zamani za waasisi wa Marekani, George Washington, Benjamin Franklin au Thomas Jefferson, wakaniuliza swali lile lile: ndivyo alivyokuwa kweli huyu bwana? Ukiikodolea macho picha peke yake huwezi kujibu. Barua zinaweza. Za hawa watatu zimepigwa chapa na kuwekwa kwenye tovuti ya Founders Online, kazi ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani na University of Virginia Press. Ni bure, hakuna kujisajili.

Unapotafuta, anza na jina la msanii. Ukiandika Washington utazama. Ukiandika Houdon, mchongaji Mfaransa aliyemchonga, utapata rundo unaloweza kulimaliza jioni moja. Jaribu na tahajia za ovyo, maana wazee hawa waliandika majina walivyoyasikia. Mchoraji Gilbert Stuart, kwa mfano, utamkuta kwa Jefferson akiitwa Stewart.

Ukishazipata, swali la kwanza la kuziuliza ni hili: msanii alimwona mtu mwenyewe, au aliona picha tu? Mfano mzuri uko hapa mjini kwetu. Mwaka 1784 Bunge la Virginia liliamua Washington achongewe sanamu. Gavana Benjamin Harrison akamwandikia Jefferson, aliyekuwa Paris, atafute mchongaji, na Charles Willson Peale akaagizwa achore picha ya Washington mzima ipelekwe huko ili mchongaji aifuate. Barua zingeishia hapo, tungekuwa na sanamu iliyonakiliwa kutoka kwenye kitambaa. Lakini Desemba mwaka huo Jefferson anamwandikia Washington kwamba Jean-Antoine Houdon yuko tayari kuvuka bahari mwenyewe, akaichukue sura kwa mtu aliye hai. Ugonjwa ukamchelewesha. Safari ilipokaribia, Jefferson akamwandikia John Adams, aliyekuwa London, kuuliza habari za bima ya maisha ya mchongaji. Barua ya bima ukiisoma haraka utaiona ya karani tu; kwangu mimi ndiyo inayothibitisha kwamba mtu huyu alisafiri kweli.

Hapo iache barua, ufungue shajara. Washington ameandika kwamba tarehe 2 Oktoba 1785, kama saa tano usiku, wenyeji wakiwa wameshalala, Houdon alifika Mount Vernon, nyumbani kwa Washington, kwa maji pamoja na wasaidizi watatu. Siku chache baadaye anaeleza jinsi plasta inavyotayarishwa, kwa udadisi wa mkulima anayejifunza kazi ya mwenziwe. Houdon alimkandika plasta usoni akapata kinyago, akafinyanga kichwa na mabega kwa udongo, akachukua vipimo vya mwili. Ile sanamu ya udongo ipo Mount Vernon hadi leo. Kwa hiyo mteja akiniletea chapa iliyotokana na Houdon, namwambia bila kusita kwamba uso huu ulipimwa.

La pili, na hapa ndipo watu wengi huteleza: angalia barua iliandikiwa nani. Tarehe 15 Oktoba 1825, huko Monticello, nyumbani kwake, Jefferson mwenye miaka 82 alimpa mchongaji John Browere hati ya kuthibitisha kwamba amemfinyanga kwa plasta siku hiyo. Maneno machache, ya adabu, hakuna lalamiko. Siku tatu baadaye anamwandikia rafiki yake James Madison, na mambo ni mengine kabisa: ameghilibiwa, aliambiwa ni dakika ishirini tu, plasta ikakauka ikagoma kutoka mpaka wakaitumia nyundo na patasi, na akahofia masikio yangebanduka kichwani kabla ya plasta kubanduka. Anamalizia kwa kusema sasa basi, hataki tena sanamu wala hata picha. Hati ile ilikuwa ya kuonyeshwa watu, barua hii ya kusomwa na rafiki. Ungeishika moja tu, ungeandika habari nusu. Mimi huzisoma zote mbili ndipo niutazame uso aliouchukua Browere, na mikunjo ile huanza kuwa na sababu.

La tatu, fuata pesa. Mwaka 1800 Jefferson alimlipa Stuart dola 100 kwa picha, na picha hakuiona. Mwaka 1805 akakaa tena mbele yake. Mwaka 1813, mchapishaji mmoja alipotaka sura ya kuchora, Jefferson bado anaeleza kwamba picha ziko kwa Stuart, Boston. Moja ilimfikia mwaka 1821. Mteja aliyelipa halafu anangoja miaka ishirini huandika, na kila anapoandika anakuachia tarehe. (Wateja wangu wanaolalamikia wiki mbili huwa nawasimulia habari hii.)

Manung'uniko pia yana faida. Mei 1785 Washington alimwandikia Francis Hopkinson kwa utani kwamba amezoea mno kalamu za wachoraji, hata farasi wa mkokoteni haendi kwenye mti wake wepesi kama yeye aendavyo kwenye kiti cha mchoraji. Franklin alisema waziwazi mwaka 1780 kwamba amechoka kukaa mbele ya wachoraji. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemwandikia binti yake kwamba picha zake, zilizowekwa mpaka kwenye vifuniko vya vikopo vya ugoro na kwenye pete, zimeufanya uso wake ujulikane kama wa mwezi. Sura ikienea hivyo, nyingi ulizo nazo mkononi ni nakala ya nakala. Tafuta ya kwanza. Kwa Franklin, anza na medali ya udongo ya mwaka 1777, kazi ya msanii Jean-Baptiste Nini.

Mwisho, linganisha barua na kitu chenyewe. Sanamu ya Houdon imesimama kwenye Jengo la Bunge hapa Richmond, na kuingia ni bure. Imeandikwa 1788, ila ilisimamishwa mwaka 1796, basi usishtuke ukikuta miaka miwili: mmoja ni wa mchongaji, mwingine wa waliopokea. Tazama mavazi. Agosti 1786 Washington alimwandikia Jefferson, kwa upole wake wa kuzunguka, kwamba huenda si lazima kufuata kitumwa mavazi ya kale, na kwamba kuelekea kidogo kwenye mavazi ya sasa kungefaa zaidi. Houdon akamvika sare yake ya kijeshi. Kwenye daftari langu naandika hivyo hivyo, mistari mitatu kwa kila picha: nani aliuona uso, lini, na barua gani inasema hivyo. Mstari wa tatu ukibaki mtupu, kwenye kibandiko cha nyuma ya fremu naandika "nakala".