Kama unakaa nje ya Kisumu na job iko taun, soma hii kabla uwashe gari

Kuna watu wengi sana siku hizi wanakaa Ahero, Maseno, Kiboswa, Riat huko juu, na kila asubuhi lazima wafike taun. Wengine wamenunua gari wakidhani shida imeisha. Mimi nasema hivi, gari si lazima ifike mpaka mlango wa ofisi. Ilete mpaka pembeni ya taun, iache mahali salama, malizia na tuktuk ama mat (matatu) ama miguu. Zile njia za watu wa miguu zilizotengenezwa katikati ya taun wakati wa kujiandaa kwa mkutano wa Africities, Mei 2022, ni nzuri, mtembeeni jameni, mama na mtoto wanapita bila kusukumwa na boda.

Anza na upande unaotoka.

Ukitoka Ahero, Rabuor mpaka Nyamasaria, swali ni job iko wapi hasa. Kama ni Kondele ama hospitali ya Jaramogi, ile watu huita Russia, usiingie taun kabisa, shika bypass pale Nyamasaria. Kama ni taun yenyewe nyoosha tu. Mvua kubwa ya Machi mpaka Mei ikianza ulizia hali ya barabara kabla utoke, maana huko Nyando maji yakifurika safari ya nusu saa inakuwa ya asubuhi nzima.

Upande wa Kakamega ndio uko na kazi. Magari ya Kakamega, Mbale, Chavakali, Kiboswa, yote yanateremka Riat yanakuja Mamboleo halafu Kondele, na Kondele hata na ile barabara ya juu bado watu wanashukishwa ovyo, tuktuk zinageuka katikati, mikokoteni iko, boda wako. Mwenye gari, jaribu uwe umepita hapo kabla ya saa moja na nusu. Mwenye mat, kama unafanya kazi karibu na Kibuye shuka hapo hapo, usingoje mpaka steji kuu halafu urudi na miguu. Na Jumapili soko la Kibuye likifurika usipite hapo na gari kama huna haja.

Upande wa Busia, yaani Luanda, Maseno, Kisian, na wa Bondo wanaoingilia Kisian, hamna shida kubwa, barabara inatiririka mpaka airport.

Sasa mahali pa kuacha gari. Tafuta uwanja wenye ukuta na soja, kuna petroli steshen zinakubali, kuna makanisa, kuna watu wako na kompaundi kubwa. Ongea na mwenyewe, si soja peke yake, elewaneni bei ya mwezi, lipa kwa simu ndio ibaki rekodi, na uulize geti hufungwa saa ngapi maana ukichelewa job utapata kufuli. Paking ya mall kama Mega City ni ya wateja, usiache gari hapo kutwa bila kuulizia. Laptop usiache kwa kiti hata kama kuna soja.

Ukilazimika kuingia nayo katikati, lipa paking ya kaunti kwa simu mara tu umesimama, hakikisha namba ya gari umeandika sawa herufi kwa herufi, na usifute meseji. Kijana akikwambia umpe kesh atakulindia kanjo, yaani askari wa kaunti, wasikuone, kataa. Gari ikifungwa klampu yeye hutamuona, na utalipa faini juu ya ile ada uliyokwepa.

Tuktuk, hapa wageni huumia. Kuna ya kujaza, yaani mnapanda wengi kila mtu analipa kiti chake, na kuna ya kukodi, yaani unailipia yote peke yako. Ukiingia peke yako ukanyamaza, dere anaweza kuhesabu umekodi, kwa hivyo kabla ukae sema ni ya kujaza na uulize pesa ngapi. Beba chenji. Mvua ikinyesha jioni, na hapa ziwani mvua hupenda jioni, bei inapanda, so kama si mbali afadhali ungoje ipungue. Boda sheria ni abiria mmoja na helmeti, usikubali mshkaki, yaani kubebwa zaidi ya mmoja, hata kama umechelewa namna gani, nakuomba.

Kwa mat, ile ya kumi na nne ni abiria kumi na nne, mikanda iko kwa sheria tangu 2004, na makanga akikwambia songeni mmoja aingie una haki ya kukataa. Watu wakikataa wawili watatu huwa anaacha. Jioni shida kubwa ni kukata ruti, gari inaitwa Maseno mkifika Kisian mnaambiwa shukeni, imegeuka. Uliza kabla ukae, "unafika Maseno?", uliza kwa sauti abiria wengine wasikie, na usilipe mpaka gari itoke steji. Wakiwashukisha njiani daini pesa ya kipande kilichobaki, mkiwa pamoja, kabla gari igeuke. Kama ni usiku, baki hapo penye taa na wenzako, na boda mchukue mwenye jaketi ya steji iliyoandikwa namba, umtumie mtu wa nyumbani hiyo namba kabla upande.