Kabla hujaangua embe, sogea hatua mbili

Jamani msimu wa maembe ndo huu, kabla hujainua upembo usikadirie umbali ukiwa umesimama tu. Juzi hapa kwetu Bweyogerere niliona waya wa umeme uko mbali kabisa na tawi, nikapiga hatua mbili kushoto huku naangalia juu, kumbe waya na tawi vinahama pamoja, yani vimekaribiana! Ukisogea, kilicho karibu nawe huonekana kukimbia, cha mbali hujikokota. Macho yanafundishwa na miguu bana, mwaka 1963 wanasaikolojia Held na Hein huko Marekani walilea paka wadogo gizani, wakitolewa kwenye mwanga, mmoja anatembea, mwenzie anabebwa kwenye kikapu, yule wa kubebwa akashindwa hata kutambua ukingo wa shimo. Vikihama pamoja acha kabisa, subiri embe lidondoke lenyewe.