Namna ya kupima mchango wa mtafiti wa saratani ya damu: mfano wa Denis Burkitt

Wanafunzi wa uzamili wanaokuja maktabani kuandika wasifu wa mtafiti huanza na swali moja: kazi zake zimerejelewa mara ngapi? Mimi huwaomba waliweke mwisho. Kuonyesha sababu, namtumia Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya za watoto. Leo tunaujua kama limfoma (saratani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu) yenye jina lake.

Hatua ya 1: Mtenganishe mtu na ugonjwa

Ukiandika Burkitt peke yake kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, makala za ugonjwa zitakufunika kwa maelfu. Andika hivi:

Burkitt D[au] AND 1946:1993[dp]

Jina la ukoo linatangulia, kisha herufi ya jina la kwanza bila nukta; [au] ni mwandishi, [dp] ni tarehe ya kuchapishwa. Usiweke alama za kunukuu, ili upate pia kazi alizosaini Burkitt DP. Miaka hiyo inaanzia alipofika Uganda hadi alipofariki. Watafiti wa sasa wana namba ya ORCID, kitambulisho cha kipekee cha mtafiti kilichoanza 2012, inayorahisisha kazi hii. Kwa wa zamani, pitia orodha kwa macho, mada moja baada ya nyingine, kwa sababu rekodi za zamani mara nyingi hazitaji taasisi ya mwandishi.

Hatua ya 2: Gawa kazi kwa mada

Utakuta rundo kubwa kuhusu nyuzinyuzi za chakula na magonjwa ya utumbo. Ni yeye huyohuyo, katika awamu ya pili ya maisha yake. Liweke kando.

Hatua ya 3: Fuata mnyororo

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Makala ya 1958 ilitoka kwenye British Journal of Surgery na haikuvuma. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara Middlesex Hospital, London, na Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alikuwepo. Aliposikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, alishuku kirusi. Sampuli zikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi hicho kwenye The Lancet. Huo ndio mchango: makala moja ya daktari wa upasuaji wa wodini ikafungua utafiti mzima wa maabara.

Kuuona mwenyewe, tafuta makala ya 1958 kwenye Google Scholar, bofya "Cited by", weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya makala zilizoirejelea, kisha andika virus, halafu malaria. Anza na miaka ya 1961 hadi 1970. Fungua chache na usome sentensi yenyewe inayomtaja. Je, mwandishi anajenga juu ya data zake, anampinga, au anamtaja kwa desturi tu? Marejeo kumi ya aina ya kwanza nayathamini kuliko mia ya aina ya mwisho.

Hatua ya 4: Sasa hesabu

Kielezo h, alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kinasema hivi: ukiwa na makala 20 zilizorejelewa angalau mara 20 kila moja, lakini huna 21 za namna hiyo, h yako ni 20. Google Scholar kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko Scopus, hifadhidata nyingine ya marejeo, kwa hiyo taja chanzo na tarehe. Kwa Burkitt kuna tatizo zaidi: waandishi wengi huandika jina la ugonjwa bila kurejelea makala yake. Namba zinampunja.

Hatua ya 5: Toka nje ya majarida

Kampala hakukuwa na tiba ya mionzi, hivyo Burkitt akawatibu watoto kwa dawa, zikiwemo methotrexate na cyclophosphamide. Kazi hiyo ilichangia apewe Tuzo ya Lasker, tuzo ya Marekani ya utafiti wa tiba, mwaka 1972, pamoja na wengine. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilianza kama kituo cha kutibu limfoma hii.

Hatua ya 6: Gawa sifa kwa haki

Daktari mwenzake, Hugh Trowell, ndiye aliyemwita Burkitt kumtazama mtoto mgonjwa mwaka 1957. Burkitt mwenyewe aliuita uvimbe huo sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mifupa na misuli. Mwanapatholojia Gregory O'Conor, pale pale Kampala, ndiye aliyeonyesha kwenye makala ya 1961 kwamba ni limfoma. Ukiandika "Burkitt aligundua limfoma", umemnyima O'Conor haki yake. Andika nani alifanya nini, na mwaka gani.