Kabla hujauza kamera yako ununue mpya, fungua kwanza folda ya picha zako mbovu

Kamera mpya ikitangazwa tu simu yangu hailali, vijana wa Kampala, wa Arua, wa Mbarara, wote swali ni lile lile, kaka niuze hii niliyonayo nipande juu? Na mwaka 2025 ndo ulikuwa balaa, Nikon Z5II ilitoka mwezi wa 4, Canon R6 Mark III mwezi wa 11, kabla hatujapumua Sony nao wakaleta A7 V mwezi wa 12, kila mtu anaona yake imeshazeeka. Mi msimamo wangu ni huu: kamera mpya ikitoka, mpiga picha wa hapa kwetu anayelipwa kwa shilingi aiangalie ile iliyokuwa juu jana ambayo leo inaanza kushuka bei, na hata hiyo asiinunue mpaka awe na ushahidi kwamba bodi aliyonayo, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ndo inamkwamisha.

Ushahidi wenyewe unao tayari. Chukua kazi zako za karibuni, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba wake nyumbani), nikaha, mahafali ya Makerere, chochote kile, na picha mbovu usizifute, ziweke zote kwenye folda moja. Siku umetulia kaa nazo chini, fungua moja moja kwa asilimia 100, ujiulize hii imeharibika kwa nini, halafu andika sababu. Zile nzuri ulizopost achana nazo, hazikuambii kitu. Ukimaliza utaona sababu zinajirudia, na kila sababu ina dawa yake, na dawa nyingi ni rahisi kuliko bodi mpya.

Kuna zile fokasi imekosea, jicho limefifia halafu sikio au hereni ndo inaonekana kali. Hizi zikiwa nyingi na una DSLR ya zamani, yaani kamera yenye kioo ndani, hapo ni kweli kamera mpya inasaidia. Chukua Canon 5D Mark III ya 2012, mashine nzuri sana na watu bado wanakula mkate nayo, lakini pointi zake za fokasi zimejazana katikati ya fremu, bibi harusi akiwa pembeni unalazimika kufokasi katikati halafu usogeze kamera, na yeye wakati huo anatembea anakuja kwako. Kamera zisizo na kioo za miaka ya karibuni zinashika jicho popote lilipo kwenye fremu na zinalifuata. Kwa wasichana wanaotoka na senga, shangazi yao, kwenye kwanjula, wanacheza, wanainama, wanapiga magoti, tofauti utaiona siku ya kwanza kabisa.

Kuna zile mtu amevutika, mikono inaonekana mitatu. Hapa watu wanadanganyika sana na ile teknolojia ya kutuliza mtikisiko ndani ya bodi. Ile inatuliza mkono wako wewe, haimzuii mtu mwingine kucheza. Kama shata, ule muda kamera inaacha mwanga uingie, ilikuwa 1/60 ya sekunde na watu wanaruka, hata ununue kamera ya milioni 15 picha itavutika vile vile. Panda 1/250 au zaidi, halafu tafuta mwanga.

Zenye chembechembe nazo zinataka uangalie mbili tatu. Je ulipiga giza halafu ukainua mwanga kwenye kompyuta? Na lenzi ilikuwa ipi? Wengi wanapiga na ile zumu iliyokuja na kamera, ukivuta inafika f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni kidogo), ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapanda 6400. Ukiweka 50mm f/1.8, ile ndogo ya plastiki, pale pale kwa shata ile ile ISO inashuka hadi kama 640. Fikiria, mara kumi! Hakuna bodi yoyote mpya dukani itakayokupa hicho kitu kwa bei ya lenzi ile. Ukweli ni kwamba huko f/1.8 eneo la fokasi linakuwa jembamba, watu wawili wakisimama mmoja mbele mmoja nyuma mmoja anapotea, kwa hiyo kwa vikundi rudi f/4 na uwashe flashi.

Sasa rangi ya ngozi, na hapa nitakaa kidogo maana naona watu wanahangaika kamera mpaka kamera. Tenti ya kwanjula imevishwa kitambaa chekundu au zambarau juu hadi pembeni, jua la saa saba linapiga nje, mwanga wote unaoingia unapita kwenye kitambaa, nyuso za wazee zinageuka nyekundu na kanzu nazo zinageuka waridi. Kijana anaona picha anasema Canon yake rangi mbaya, atahamia Sony. Ndugu yangu, Sony nayo italala humo humo ndani ya tenti. Ukielekeza flashi juu ndo unaharibu zaidi, inagonga kitambaa inarudi nyekundu. Weka flashi kwenye stendi pembeni na mwavuli mweupe, au msimamishe mtu karibu na mdomo wa tenti ambapo mwanga wa nje unaingia safi, na uweke mizani ya nyeupe (white balance) kwa mkono badala ya kuachia kamera iamue. Stendi, mwavuli na trigger ya kuiwasha flashi ni pesa ndogo sana ukilinganisha na bodi.

Hapo hapo kwenye kanzu kuna jambo moja ambalo bodi inahusika. Ngozi nyeusi na kanzu nyeupe inayong'aa kwenye fremu moja ni mtihani, unapima mwanga usiunguze kanzu, uso unaingia gizani, unauinua baadaye. Bodi nyingi za Canon za kabla ya 2016 ukiinua kivuli sana zinatoa mistari na chembe chafu, kuanzia 80D na 5D Mark IV za mwaka huo wakaboresha vizuri. Kwa hiyo kama uko na 6D ya kwanza au 5D Mark III na folda yako imejaa nyuso za kijivu zilizoinuliwa, basi hiyo ni sababu halali ya kupanda.

Na mistari ya giza inayokatiza picha ukumbini je? Umeme wetu ni wa 50Hz, taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, we unapiga 1/400 na shata ya kimya ya elektroniki, sensa, kile kipande kinachopokea picha, inasoma mstari kwa mstari, basi kila mstari unapata mwanga wake tofauti. Rudi shata ya kawaida na ushuke 1/100, nyingi zitaisha. Taa za LED za mapambo ni kichwa ngumu zaidi, hizo kamera mpya nyingine zina sehemu ya kurekebisha shata kwa vipande vidogo vidogo mpaka mistari ipotee. Sony A9 III ya 2023 ndo ilimaliza kabisa hiyo kesi kwa sababu sensa yake inasoma yote kwa mpigo, lakini bei yake sio ya kwanjula.

Haya, umeshafanya hayo yote na bado folda inasema bodi. Sasa ndo uangalie sokoni.

R6 Mark III ilitangazwa Marekani kwa dola 2,799 na A7 V dola 2,899, hapo bado usafiri, bado VAT yetu ya asilimia 18, bado faida ya mwenye duka. Lakini kutoka kwa R6 Mark III kunaisukuma chini R6 Mark II ya 2022, ambayo ina megapikseli 24, inashika jicho vizuri mno, na ina nafasi mbili za memori kadi, zote SD. Hiyo ya memori usiipite haraka. R6 Mark III nafasi moja inataka CFexpress, aina ya kadi ya kasi na ya ghali zaidi, na nyingine SD, Nikon Z6III hivyo hivyo, na CFexpress na kisoma kadi chake vinaweza kukula bajeti ya lenzi nzima. Upande wa Nikon mi nawaambia watu waiangalie Z5II, imeanza kama dola 1,700, SD mbili, fokasi nzuri gizani, hii ni moja ya kamera mpya chache ambazo sioni tabu mtu kununua ikiwa bado mpya. Canon R8 inavutia kwa bei, ndani ni kama R6 Mark II, ila ina kadi moja tu na betri ndogo, mi harusi siendi nayo peke yake, kadi ikifa bibi harusi hatarudia siku yake. Kwa studio au kwa video za mtandaoni, ichukue bila wasiwasi.

Lenzi zako za zamani usikimbilie kuziuza. Za Canon EF, zile za DSLR, zinaingia kwenye bodi za RF, zile zisizo na kioo, kwa adapta na zinafanya kazi kama zimezaliwa hapo, fokasi na kila kitu. Nikon uwe makini, adapta ya FTZ, ile ya kuweka lenzi za DSLR kwenye bodi za Z, haina mota ndani, kwa hiyo zile lenzi za AF-D, kama 50mm f/1.8D ambayo imejaa mjini, zitakuwa za kufokasi kwa mkono tu. Zenye AF-S, mota iko ndani ya lenzi yenyewe, hazina shida.

Kompyuta pia inataka kuulizwa. Kama bado unatumia Lightroom 6, programu ya kuhariri picha, ile ya kununua mara moja, ile iliishia kupata maboresho mwisho wa 2017, faili za CR3, yaani picha ghafi (RAW) za bodi mpya za Canon, haitazifungua. Kuna Adobe DNG Converter ya bure, unageuza faili kwanza halafu unaendelea, kazi inaongezeka lakini hulipi kitu. Na megapikseli 45 za R5 zinajaza diski upesi sana, mteja wako anataka albamu na za WhatsApp, 24 zinamtosha kabisa. Jambo jingine zuri la hizi bodi mpya, nyingi zinachaji betri kwa USB-C kutoka pawabenki yenye nguvu, umeme ukikatika huko kijijini kazi haisimami.

Wanaofikiria kwenda msitu wa Bwindi kwa masokwe nao wasikilize kidogo. Kule flashi marufuku, unapewa saa moja tu ukiwafikia, msitu mzito na mnyama mwenyewe mweusi. Zumu ndefu ya f/6.3 itakutesa. 70-200 f/2.8 iliyotumika, hata kwenye bodi ya zamani, itakupa picha zaidi, na punguza mwanga kidogo chini ya kile kamera inachokuambia maana ikiona weusi mwingi inadhani ni giza, inafanya manyoya yawe kijivu.

Kabla ya kununua, kodisha. Kampala vifaa vya kukodi vipo, chukua wikendi moja, ifanyie kazi ya kweli halafu ulinganishe folda na folda.

Ukinunua iliyotumika, nenda mchana na laptop na memori yako mwenyewe. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone uchafu kwenye sensa, halafu funika lenzi upige ISO ya juu uone nukta zinazowaka rangi. Jaribu nafasi zote mbili za kadi, pale pa flashi, kila tundu la waya. Lenzi imulike na tochi kutoka nyuma, ukiona nyuzi nyuzi nyeupe ndani huo ni ukungu, na huku kwetu karibu na ziwa unyevu ni mwingi, usiilete nyumbani ikaambukiza nyingine. Hesabu ya shata kwa Nikon unaisoma ndani ya picha yenyewe, Canon nyingi zinataka programu na waya. 5D Mark III ilitengenezewa shata 150,000 na 6D 100,000, zikizidi hapo haifi siku hiyo lakini bei lazima ishuke. Namba ya bodi chini ifanane na ya kwenye risiti, na muuzaji asiye na risiti wala kitambulisho muache aende, kamera za wizi zipo na siku polisi wakija watakukuta wewe nayo. Memori kadi za bei ya kutupwa zipime na H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla ya kazi, kuna zinazoandikwa GB 128 na ndani hazifiki hata nusu.

Ile ya zamani iache kwanza, bei yake ya kuuza ni ndogo kuliko faida ya kuwa na bodi ya pili begani, moja na lenzi pana, nyingine na ndefu. Ila usiku kabla ya kazi weka saa za zote mbili sawa mpaka sekunde, maana zikipishana, ukipanga picha kwa muda za kukata keki zitatangulia kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, na utakaa wiki nzima unazipanga kwa mkono.