Kifaa Kikiharibika Baada ya Waranti Kuisha: Namna ya Kudai Haki Yako Nchini Kenya

Runinga yetu ya inchi 43 ilipoteza picha mwezi wa kumi na nne tangu tuinunue. Sauti ilikuwapo na taarifa ya habari ilisikika vizuri, lakini kioo kilikuwa cheusi tititi. Muuzaji wa duka tulikoinunua, katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, aliitazama kadi ya waranti, akaweka kidole kwenye tarehe na kusema kwamba miezi kumi na miwili ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Nilirudi nyumbani nikiamini maneno yake. Baadaye nilipoisoma sheria niligundua kwamba hayakuwa kweli, na naandika mwongozo huu kwa sababu maneno hayo hayo huwarudisha nyumbani mikono mitupu watu wengi ambao wana haki ya kudai.

Waranti ni ahadi ya ziada ambayo mtengenezaji au muuzaji huitoa kwa hiari yake, na kwa kuwa ni yake, anaweza kuiwekea muda na masharti. Ahadi ya sheria ni nyingine kabisa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) kinamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaokistahili, na kama mnunuzi alimweleza kazi anayokitakia, kiifae kazi hiyo, hata kama hakuna aliyeandika neno lolote juu ya jambo hilo. Kifungu hicho hakitaji miezi kumi na miwili popote. Kinaeleza pia kwamba waranti iliyotolewa waziwazi haiyafuti masharti hayo ya sheria, isipokuwa pale yanapogongana nayo. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaziba hata mwanya huo kwa kutamka kuwa neno lolote la mkataba linalojaribu kuyafuta au kuyabadilisha ni batili. Juu ya sheria hizo mbili ipo Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake.

Haki hiyo ina mipaka, na ni heri kuijua kabla ya kwenda kugombana na mtu. Sheria haisemi kwamba kifaa kidumu milele. Kinachoulizwa ni kama kasoro ilikuwamo ndani ya kifaa tangu siku ulipokabidhiwa, ingawa ilikuwa imejificha, na kama mtu mwenye busara angetarajia kifaa cha aina hiyo na bei hiyo kidumu zaidi ya hapo. Jokofu lililogharimu mshahara wa miezi miwili halipaswi kufa baada ya miezi kumi na mitano ya matumizi ya kawaida, lakini spika ndogo ya bei rahisi iliyobebwa kila siku kwa miaka minne imemaliza kazi yake. Betri ya simu nayo hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara mamia kadhaa, na huko ni kuchakaa, wala si kasoro. (Betri iliyovimba ni jambo jingine: acha kuichaji mara moja na usiitoboe wala kuibonyeza, kwa maana inaweza kushika moto.) Kifaa kilichoanguka, kilichoingia maji au kilichounguzwa na stima iliyopanda ghafla, huwezi kumdai muuzaji kwa sababu hizo.

Jambo la pili ni kwamba baada ya kukitumia kifaa kwa mwaka mzima na zaidi, sheria kwa kawaida hukuhesabu kuwa umekipokea, kwa hiyo si rahisi kukirudisha na kudai pesa zote. Unachoweza kudai ni fidia ya hasara: gharama ya matengenezo, au thamani iliyopotea ikiwa hakitengenezeki. Kuhusu muda, Sheria ya Ukomo wa Madai (Sura ya 22) inaruhusu kesi ya mkataba ndani ya miaka sita. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku uliyokabidhiwa bidhaa wala si siku ilipoharibika, na hapo ndipo wengi hujikuta wamechelewa.

Kwa kuwa dai zima linasimama juu ya swali la kasoro ilitoka wapi, hatua ya kwanza ni kutokigusa kifaa. Usikifungue mwenyewe, wala usimpe fundi wa mtaani akifungue kabla hujakipiga picha pande zote, pamoja na kibandiko cha nyuma chenye nambari ya kifaa na stika za skrubu ambazo hazijachanwa. Rekodi video fupi inayoonyesha hitilafu yenyewe. Kisha tafuta ushahidi wa ununuzi. Risiti ya ETR (ile inayotolewa na mashine ya kodi ya dukani) ndiyo bora, lakini aliyeipoteza asikate tamaa, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki inayoonyesha jina la duka, kiasi na tarehe inaweza kuthibitisha mauzo hayo. Chapisha nakala ya risiti mapema, kwa kuwa maandishi ya karatasi nyingi za ETR hufifia kadiri muda unavyopita na huweza kutosomeka kabisa.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kupata maelezo ya fundi kwa maandishi. Mfano wa runinga yetu unatosha kulieleza hilo. Fundi tuliyemwita alizima taa ya sebuleni, akawasha runinga, akasogeza tochi karibu na kioo kwa pembe na kututaka tuangalie kwa makini. Ndani ya ule weusi tuliwaona watu wakitembea, hafifu kama kivuli. Akatueleza kwamba paneli ni nzima na bodi inafanya kazi, ila taa za LED zilizopangwa nyuma ya kioo zimekufa. Taa hizo huungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikikatika huweza kuzima safu nzima. Alipoifungua, tukiwapo, tuliona kwamba hakukuwa na alama ya maji, wala ufa, wala kapasita (kijisehemu kinachohifadhi umeme) iliyovimba au kuungua kwenye bodi ya umeme. Maelezo hayo, yakiwa yamebaki mdomoni mwa fundi, hayana nguvu yoyote. Mwombe aandike tarehe, nambari ya kifaa, alichokipima, sehemu iliyokufa, dalili ambazo hakuziona (maji, mpasuko, kuungua) na maoni yake kuhusu chanzo, kisha atie sahihi na nambari yake ya simu. Ukiweza, mlipe ada ya uchunguzi na upewe risiti, maana gharama hiyo nayo ni sehemu ya hasara yako.

Kabla ya kuandika barua, tafuta kama mtengenezaji mwenyewe ameshakiri kasoro ya modeli yako. Kampuni kubwa wakati mwingine huanzisha mpango wa kutengeneza bure hata baada ya waranti: mwezi Juni 2018 Apple ilitangaza mpango kama huo kwa kibodi za baadhi ya kompyuta zake za MacBook, ukidumu miaka minne tangu kompyuta iliponunuliwa mara ya kwanza. Ukiikuta modeli yako katika mpango wa namna hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Barua muandikie muuzaji. Wauzaji hupenda kumwelekeza mteja kwenye kituo cha huduma cha mtengenezaji, na kwenda huko si vibaya, lakini mkataba wako wa ununuzi ni baina yako na duka lililopokea pesa zako. Iwe fupi na yenye adabu, isitumie neno waranti kama msingi wa dai, na iseme unachotaka. Yangu ilikuwa na maneno haya: “Dai langu halitokani na kadi ya waranti, ambayo najua muda wake umekwisha. Linatokana na Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kwa kuwa runinga hii haikuwa na ubora unaostahili. Naomba mlipie ubadilishaji wa taa za nyuma, kulingana na makadirio ya fundi yaliyoambatishwa, ndani ya siku kumi na nne.” Ipeleke mkononi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, au itume kwa baruapepe ili tarehe ionekane. Siku ya tisa walinipigia simu, wakakubali kulipia taa, nami nikalipa ufundi. Nilikubali, kwa sababu runinga ilikuwa imeshatumika miezi kumi na minne na niliona mgawanyo huo ni wa haki.

Ikiwa hawajibu, zipo njia mbili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, na sheria hiyo inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu haki alizo nazo au kuhusu kupatikana kwa vipuri na huduma za matengenezo. Kwa hiyo muuzaji anayekuandikia kwamba huna haki yoyote kisheria anaweza kuwa anakosa kwa maneno hayo yenyewe. Tunza ujumbe wake. Anayetaka pesa zake, hata hivyo, aende Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai lisajiliwe. Huhitaji wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Nenda na risiti, barua, picha na maelezo ya fundi, na ikiwezekana fundi mwenyewe. Linganisha kwanza ada ya kusajili na nauli zako dhidi ya kiasi unachodai, kwani dai la shilingi elfu mbili linaweza kukugharimu zaidi ya hizo.

Ukiamua kutengeneza kwa gharama yako, bado sheria iko nawe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine, nayo inamtaka fundi atoe makadirio kabla ya kukutoza. Yapate kwa maandishi, omba urudishiwe sehemu mbovu iliyotolewa, na mweleze aandike kwenye risiti kazi yake ina waranti ya miezi mingapi. Sehemu hiyo mbovu ifunge kwenye mfuko pamoja na maelezo ya fundi. Kama bado hujaamua kumdai muuzaji, hicho ndicho kielelezo utakachokihitaji siku utakapoamua.