Minofu ya sangara ya kuoka: ikaushe kwanza, ndimu iwe mwisho

Mnofu wa sangara, hasa uliotoka kwenye friza, una maji mengi kuliko unavyoonekana. Ukiuingiza kwenye oveni ukiwa umelowa, utachemka badala ya kuokeka: trei inajaa supu, viungo vinaelea, na nyama inatoka imepauka.

Kwa watu wanne chukua gramu 700 za minofu yenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Nyama nzuri inang'aa, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Iliyoganda iyeyushe ndani ya friji tangu usiku. Usiitumbukize kwenye maji ya moto, kwa sababu nje itaanza kuiva huku katikati bado ni barafu. Kisha ikandamize kwa kitambaa safi pande zote mpaka kitambaa kisilowe tena, na upitishe kidole juu ya nyama kutafuta miba iliyosahaulika.

Rojo la viungo ni hili: mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula, kitunguu saumu punje 4, tangawizi iliyokunwa kijiko 1 cha chai, uzile wa kusaga na pilipili manga nusu kijiko cha chai kila kimoja, manjano robo kijiko, na chumvi kijiko 1 cha chai kisichojaa. Kitunguu saumu kitwange kilainike kabisa. Vipande vikubwa vinaungua kabla samaki hajaiva na kuacha uchungu. Paka, funika, weka kwenye friji saa moja.

Ndimu isiingie humo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kadiri samaki anavyokaa kwenye ndimu ndivyo viungo vinavyokolea. Ukali wa ndimu unaigeuza nyama kuwa nyeupe na ngumu kana kwamba imeshapikwa. Ikilala humo saa nzima, nje inakuwa kama chaki, na ikifika kwenye moto inamwaga maji yake yote. Kamulia ndimu moja dakika 15 tu kabla ya kuoka, tena kwenye bakuli la kioo au la udongo. Sufuria ya alumini huliwa na ndimu na kuachia samaki ladha ya chuma.

Washa oveni mapema ifike nyuzi 200 za Selsiasi. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, panga juu yake duara za kitunguu maji, kisha minofu bila kugusana. Ncha nyembamba ya mkia ikunje chini ya mnofu ili unene ulingane, la sivyo itakauka kama ubao wakati sehemu nene bado mbichi. Nyanya usiziweke kwenye trei, zinatoa maji. Zihifadhi kwa kachumbari.

Anza kuangalia dakika ya 12. Chomeka uma sehemu nene kabisa na uuzungushe kidogo: nyama ikichambuka kwa mapande, na ule ung'avu wa kioo umekwisha, imeiva. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 katikati. Matone meupe mazito, kama maziwa yaliyoganda, yakianza kutokeza kwa wingi juu ya mnofu, moto umezidi, toa upesi. Acha itulie dakika 3.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, yaani palia, kisha chungulia baada ya dakika 15. Moto mwingi ukiwa chini, kitunguu kitaungua na samaki atanuka moshi.

Rojo lililobaki bakulini limegusana na samaki mbichi, kwa hiyo lipake kabla ya kuoka au ulimwage. Lisimwagiwe samaki aliyekwisha iva. Mezani kamulia ndimu mbichi kidogo, na uandae kwa ugali na mchicha.